Barua ya wazi kuhusu mto Nyamwamba: njooni kabla ya maji, si baada yake

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia maafa, maji na mazingira katika serikali kuu ya Uganda,
na kwa viongozi wetu wa wilaya na manispaa ya Kasese.

YAH: USALAMA WA WAKAZI WA BONDE LA NYAMWAMBA NA HATIMA YA WALIOKO KAMBINI MUHOKYA

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima. Tunawaandikia hadharani kwa sababu njia ya faragha tumeipita na haikutufikisha popote. Barua yetu ya kwanza tuliipeleka kwa mkono katika ofisi moja ya serikali. Ilipokelewa vizuri, ikagongwa muhuri, tukabaki na nakala. Tuliporudi kuulizia tukaambiwa faili limekwenda Kampala. Tulipompata mtu wa kumuuliza Kampala, akajibu kwamba jambo hilo ni la wilaya. Tumezungushwa hivyo huku misimu ya mvua ikipita, na kila msimu unaopita bila maji kushuka unawapa walioko maofisini sababu ya kusema hali ni shwari. Hali si shwari.

Mimi ninayeshika kalamu ni mtoto wa mchimbaji wa shaba. Nilizaliwa katika nyumba za mgodi Kilembe, ambako Mkonzo, Mtooro, Mkiga na Mkongo waliishi ukuta kwa ukuta, Kiswahili kikawa lugha yetu sote, na mto ulikuwa nyuma ya nyumba. Mama zetu walifua humo. Sikuzisikia habari za Nyamwamba redioni, na hao ninaowasemea ni majirani zangu wa bondeni na wale waliohamishiwa Muhokya.

Yaliyotokea mnayajua, lakini nitayapanga kwa mfululizo ili asitokee mtu wa kusema ilikuwa bahati mbaya ya siku moja. Tarehe 1 Mei 2013 maji yalishuka kutoka Rwenzori yamebeba mawe, magogo na tope, yakapita katikati ya Kilembe. Watu walikufa, madaraja yalibebwa, nyumba na sehemu ya hospitali ya Kilembe zikaharibiwa, wagonjwa wakahamishwa. Mei 2014 yakarudi. Mei 2020 yakashuka tena usiku, na safari hiyo haikuwa Nyamwamba peke yake, kwani mito ya Mubuku, Nyamughasana na Lhubiriha nayo ilivunja kingo zake. Nchi ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona. Magari ya abiria yalikuwa yamesimamishwa, bodaboda haikuruhusiwa kubeba mtu, kafyu ilianza saa moja jioni. Wazee walibebwa mgongoni gizani, na watu waliotolewa majini wakasongamana madarasani wakati taifa zima limeambiwa lisisongamane. Septemba 2022 mlima ukaporomoka katika kijiji cha Kasika, Rukoki, ukaua watu wasiopungua 15, wengi wao akina mama na watoto.

Mto mmoja, mwezi wa Mei mara tatu, ndani ya miaka isiyofika kumi. Na chanzo kimeshachunguzwa. Watafiti walioyafuatilia mafuriko ya 2013 walieleza kwamba mvua kubwa ilinyesha juu, miteremko ikaporomoka na kumwaga mawe na udongo mtoni, na moto wa mwaka 2012 ulikuwa umeshachoma uoto wa sehemu za juu za mlima, hivyo ardhi haikuwa na cha kuyashika maji. Hakuna fumbo katika jambo hili. Kinachokosekana ni kazi ya kufanywa wakati mto umetulia.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Walioko Muhokya wamesahauliwa.

Familia zilizopoteza nyumba Mei 2020 zilipelekwa Muhokya kwa muda. Ule muda umekuwa miaka. Watoto waliofika pale wakibebwa mgongoni sasa wanakwenda shule kutoka kwenye hema, na wapo waliozaliwa humo humo. Mtu ambaye hajakaa chini ya turubai katika joto la Muhokya saa nane mchana hawezi kujua tunasema nini. Ndani hakukaliki, nje hakuna mti. Turubai likichanika linashonwa kwa uzi wa gunia, na likishonwa mara nyingi mvua inapita kwenye matundu ya sindano, kwa hiyo usiku wa mvua mama anakaa kitako amemweka mtoto mapajani mpaka kuche. Posho na maharagwe ya msaada vililetwa mwanzoni, kisha vikapungua, kisha vikakoma. Sasa watu wanaishi kwa lejaleja, wanalima mashamba ya wengine kwa ujira wa siku, na siku ambayo hakuna wa kukuita hakuna chakula.

Kuna jambo jingine hapo ambalo ofisi nyingi hazijalitazama. Bonde la Kilembe lina historia yake. Watu wengi hawakuwa na ardhi yao, waliishi katika nyumba za mgodi tangu enzi za baba zao, au walipanga chumba kimoja Katiri au Road Barrier. Maji yalipochukua nyumba, mwenye nyumba alikuwa na cha kuonyesha. Mpangaji hakuwa na kitu. Kila tunapouliza kuhusu fidia au kiwanja, swali la kwanza tunaloulizwa ni hati iko wapi. Mjane aliyepanga chumba kwa miaka mingi, akapoteza kitanda, cherehani na mtaji wake wa samaki wakavu, katika orodha za namna hii hayupo kabisa. Mlemavu aliyekuwa akiishi kwa ndugu yake hayupo. Hao ndio maskini kuliko wote kambini, na ndio watakaobaki pale wengine wote wakishaondoka.

Sisi wenyewe tumekaa na wakazi tukaandika orodha ya kaya, wenye nyumba na wapangaji, na majina ya wenyeviti wa LC1, yaani baraza la kijiji, waliokuwa wakiwajua kabla ya maji. Orodha hiyo ipo, tuko tayari kuikabidhi, na mkitaka kuihakiki njooni tuihakiki pamoja.

2. Onyo halitufikii, na likifika haliwezi kutusaidia.

Kabla ya kila msimu tunasikia utabiri kwamba mvua itakuwa juu ya wastani katika magharibi mwa nchi. Magharibi mwa nchi ni kubwa. Utabiri huo unamfaa mkulima anayetaka kujua apande lini. Haumsaidii mtu wa Kyanjuki au Bulembia kujua kama usiku huu ahame.

Nyamwamba unaanzia huko juu karibu mita 4,000, na mji wa Kasese uko chini, kwenye mita elfu moja hivi, ukiwa na safari fupi tu kati yake. Mara nyingi mjini jua linawaka na huko juu mvua imeshanyesha tangu alfajiri. Dalili ya kwanza kwa mtu wa bondeni ni sauti. Ukiisikia mawe yakigongana ndani ya maji, umebakiwa na dakika za kumshika mtoto na kukimbilia mlimani, na huko mlimani nako udongo umelowa na unaweza kukushukia. Kijana anaweza kukimbia. Mwanamke aliyejifungua wiki hii hawezi.

Tunajua vipimo vya maji na king'ora ni vitu vya gharama, ingawa si gharama ya kulishinda taifa. Lakini hata kabla ya vipimo kuna watu. Njia mojawapo ya kupanda Rwenzori inaanzia Kilembe, na kule juu kuna askari wa hifadhi, waongoza watalii na wapagazi karibu kila siku. Wanaiona mvua, wanauona mto ukibadilika rangi. Nani amewapa namba ya kupiga? Nani huku chini ana wajibu wa kupokea simu hiyo saa tisa usiku na kuamsha watu? Kila kilima kina mzee wake wa obulhambo, yaani kiongozi wa jadi wa kilima, anayesikilizwa na watu wa hapo kuliko mgeni yeyote mwenye kipaza sauti. Kila mtaa una msikiti au kanisa lenye spika au kengele. Vyote hivi vipo na havijaunganishwa.

Na onyo lije kwa lugha za watu. Tangazo la Kiingereza lililotumwa kwenye simu za maofisa na kubandikwa ukutani ofisini halijamwonya mtu yeyote. Likisomwa kwa Lhukonzo, Kitooro na Kiswahili katika redio zetu za hapa, litasikika mpaka Bwera.

3. Mawe yalitolewa mtoni yakaachwa ukingoni.

Mashine zilikuja, hilo hatulikatai, na tuliwashukuru madereva wake, maana walifanya kazi kwa bidii. Walichimba mawe katikati ya mto na kuyasukuma pembeni. Mengine ni makubwa kuliko gari dogo. Kisha mashine zikaondoka, mawe yakabaki palepale, hatua chache kutoka majini, kama mtu anayefagia nyumba na kuliacha rundo la takataka kizingitini. Mvua kubwa inayofuata inayalamba na kuyarudisha. Mto ukijaa mawe kitanda chake kinapanda, na kitanda kikipanda maji hayahitaji kuwa mengi sana ili yamwagike. Nendeni mkasimame kwenye kingo mtazame kimo cha mawe yaliyolala mtoni na kimo cha milango ya nyumba zilizo jirani. Hahitajiki mhandisi kuona kipi kiko juu.

Kanuni za nchi hii zinataka mita 30 za kingo za mto wa kawaida zilindwe, na mita 100 kwa mito mikubwa iliyotajwa. Hatuombi msamaha wa kanuni hiyo. Tunataka itekelezwe kwa wote kwa mpigo mmoja. Maskini aliyelima bustani ya mboga ukingoni hufukuzwa mapema sana, wakati mwenye uwezo anayejenga ukuta unaosukumia maji upande wa jirani hupewa muda wa kujieleza.

4. Masalia ya mgodi yanashuka na maji.

Shaba ya Kilembe ilianza kusafirishwa mwaka 1956, mwaka ambao reli ilifika Kasese, na mgodi ukafungwa 1982. Kilichobaki ni malundo makubwa ya mchanga wa mgodi kando ya mto. Mafuriko yanapokuja yanakula malundo hayo kutoka chini. Rangi yake inaonekana majini, na mchanga ule ukitandazwa shambani majani hayaoti vizuri. Wataalamu wamepima udongo na vyakula vinavyolimwa bondeni wakakuta shaba, kobalti, nikeli na zinki kwa viwango vinavyotia wasiwasi.

Watu wa mjini wakidhani hili ni la Kilembe tu, wafuate mto. Unapita Kasese, unaingia katika hifadhi ya Queen Elizabeth, unaishia Ziwa George. Wavuvi wa Hamukungu na Kahendero wanakunywa na kuvua humo. Kwa hiyo janga letu halimaliziki siku maji yanapokauka. Mama anayepanda muhogo na mboga ya dodo (mchicha) mahali ambapo tope lilitulia anawalisha wanawe asichokijua, wala hajawahi kuambiwa na mtu yeyote panda hapa, pale usipande.

5. Hospitali ipo njiani mwa maji.

Hospitali ya Kilembe imepigwa 2013 na ikapigwa tena 2020. Wauguzi na madaktari wake walibeba wagonjwa kwa mikono, na tunawaheshimu kwa hilo. Tunachouliza ni kwa nini baada ya mara ya kwanza hakukuwa na uamuzi ulio wazi, ama kuilinda kwa ukuta unaoweza kusimama, ama kuihamishia mahali pa juu. Siku ya mafuriko ndiyo siku ambayo hospitali inahitajika kuliko siku zote, na ndiyo siku ambayo yenyewe hukimbiwa.

6. Sheria ipo, ila haijafika mtoni.

Katiba ya 1995 katika ibara ya 249 inasema kutakuwa na tume ya kujiandaa na kusimamia maafa. Sera ya taifa ya maafa ni ya mwaka 2010 na inazungumza vizuri kuhusu kujiandaa mapema. Wilaya nayo ina kamati ya maafa. Sisi tunachokiona ni magari yanayokuja baada ya mazishi, yamebeba blanketi, sabuni na sufuria. Tunavihitaji siku hiyo, na walioleta Mungu awalipe. Lakini blanketi halizuii jiwe.

Waheshimiwa, tunajua majibu tunayoweza kupewa, kwa kuwa mengine tumeshapewa. Tuyapitie moja moja.

Mtatuambia ajali haina kinga, au kwamba ni mapenzi ya Mungu. Sisi ni watu wa dini, Wakristo na Waislamu, na mvua tunaiomba sisi wenyewe wakati wa kiangazi. Mvua ni ya Mungu. Kumwacha mtu alale pale ambapo maji yamepita mara tatu ni uamuzi wa binadamu, na binadamu huyo ana cheo na bajeti.

Mtatuambia ni mabadiliko ya tabianchi yaliyoletwa na mataifa tajiri. Ni kweli, tena sisi ni mashahidi wake. Barafu ya Rwenzori iliyopimwa mwaka 1906 ilikuwa zaidi ya kilomita sita za mraba, na leo haifiki hata moja. Wazee wetu waliiona nyeupe kutoka mjini asubuhi zisizo na mawingu. Kadaini haki yetu huko kwenye mikutano ya kimataifa, tutawaombea mshinde. Lakini kuondoa mawe ukingoni hakungojei mkutano wa mataifa. Kuandika majina ya wapangaji hakungojei mfadhili.

Mtatuambia watu ni wakaidi, wakihamishwa wanarudi. Hili linatuuma, na naomba mnisikilize vizuri hapa. Tarehe 1 Machi 2010 mlima Elgon ulifunika Nametsi huko Bududa, mamia ya watu wakafa au wasionekane tena. Baadhi ya walionusurika walipelekwa Kiryandongo, mbali sana na kwao, na wapo walioondoka wakarudi mlimani. Wakaitwa wakaidi. Nani aliuliza kwa nini walirudi? Mtu wa mlimani ana kahawa, ana migomba, ana makaburi ya wazazi, ana soko analolijua. Ukimpa kiwanja pasipo na maji wala shule wala hati, atarudi kwenye kahawa yake, kwa sababu njaa ni ya kila siku na maporomoko ni ya mwaka mmojammoja. Baadaye, kuanzia 2019, nyumba zikaanza kutolewa Bunambutye katika wilaya ya Bulambuli, na hilo tunalisifu. Lakini kazi ilikwenda polepole mno kuliko mlima. Tarehe 27 Novemba 2024 vijiji vya juu vya Bulambuli hiyohiyo vikafunikwa, na watu wengi hawajapatikana mpaka leo. Hao hawakuwa wakaidi. Walikuwa hawajafikiwa na zamu. Sisi wa Kasese tunatazama mambo ya Bugisu, huko kwenye miteremko ya Elgon, na kujiona mle mle.

Mtatuambia ardhi hakuna. Kasese ni kweli ina shida ya ardhi, na shida hiyo ina historia. Zaidi ya nusu ya wilaya imo ndani ya hifadhi za taifa, na katika tambarare kuna mashamba na skimu za serikali. Mwananchi amebanwa kati ya mlima unaoporomoka na mpaka wa hifadhi. Hatusemi hifadhi zivunjwe, kwani watalii wanalisha wengi wetu, na misitu ile ya juu ndiyo inayotushikia maji. Tunasema kwamba serikali ambayo ndiyo mwenye ardhi kubwa kuliko yeyote wilayani haiwezi kumwambia mjane wa Muhokya akajitafutie.

Mwisho mtatuambia pesa hakuna. Basi tuonyesheni hesabu. Tangu 2013 madaraja yaleyale yamejengwa na kubebwa, barabara zilezile zimechongwa upya, hospitali ileile imekarabatiwa, chakula cha dharura kimenunuliwa kila mara kwa bei ya haraka. Wekeni gharama hizo zote kwenye karatasi moja, kisha pembeni muandike bei ya kuwahamisha watu walio hatarini na kuutengeneza mto vizuri mara moja. Tunataka kuziona namba hizo mbili zikiwa zimebandikwa manispaa, mahali ambapo dereva wa bodaboda anaweza kuzisoma.

Tunachoomba ni hiki.

Kwanza, na kabla ya lolote jingine, Muhokya. Tunaomba tangazo la maandishi lenye tarehe, linalosema kila kaya itahamia wapi na lini. Kiwanja kiwe na hati, jina la mke liwemo pamoja na la mume, na wajane, walemavu na wapangaji wahesabiwe kama watu wengine. Mahali patakapochaguliwa wakazi wapelekwe wakapaone kabla hapajanunuliwa, wajue maji yako wapi, shule iko wapi, na kama ardhi yake inalimika.

Pili, tunaomba mtandao wa onyo la bonde ukamilike kabla ya mvua za Machi. Vipimo vya mvua na maji vifungwe juu ya Kyanjuki, na vikichelewa, tuanze na watu wa mlimani na simu zao. Ateuliwe ofisa mmoja mwenye jina na namba inayojulikana na kila mwenyekiti wa LC1. Tufanye zoezi la kukimbia, mchana na usiku, shule zikiwemo, ili kila mtaa ujue unapandia wapi na nani anambeba nani.

Tatu, mawe yaliyorundikwa yasombwe yapelekwe mbali na mto. Yanaweza kusagwa yakatengeneza barabara zetu, na vijana wa hapa wakapata kazi. Kingo zijengwe kwa mawe yaliyofungwa ndani ya wavu pale penye makazi, na juu yake, kwenye miteremko, ipandwe miti ambayo mkulima ana faida nayo, ili asiing'oe. Wenye mashamba ya milimani wasaidiwe kuchimba makinga maji. Kazi hii ifanyike wakati wa kiangazi.

Nne, malundo ya masalia ya mgodi yazuiwe yasiliwe na mto, na yeyote atakayepewa kibali cha kuufufua mgodi afungwe na sharti hilo kwanza. Maji na udongo vipimwe, na majibu yasomwe hadharani katika gombolola (kata) zote zinazoguswa mpaka ziwani.

Kuhusu hospitali tunataka uamuzi tu, mmoja kati ya ile miwili, na sababu zake. Na kuhusu tume ya ibara ya 249, wabunge wetu wa Kasese tunawaomba mliibue jambo hilo bungeni mkishirikiana na wenzenu wa Bududa, Bulambuli, Bundibugyo na Ntoroko, maana maji na milima havijawahi kuuliza mtu ni wa chama gani.

Tunaomba jibu la maandishi. Tunaomba pia mje wenyewe kulisoma Muhokya, mchana, watu wote wakiwepo, mkae pale mpaka maswali yaishe. Tutaleta ile orodha ya kaya na wale wenyeviti waliotia sahihi. Ikifika Machi hatujaona jibu wala mtu, tutaipeleka orodha hiyo Bungeni na kutafuta mawakili wa kutusaidia kuifikisha mahakamani, nasi tutawaambia huko kwamba tulianza kwa kuwaandikia nyinyi.

Wenu,

Mkazi wa Kilembe, kwa niaba ya majirani wa bonde la Nyamwamba na familia zilizoko kambini Muhokya